Mshipa Hautafutwi kwa Bahati

Mhadhara kwa wauguzi, wakunga na walimu wa fani ya afya, Unguja



Mwezi Mei mwaka 1832, daktari Thomas Latta wa mji wa bandari wa Leith nchini Scotland alikuwa mbele ya kitanda cha mwanamke mtu mzima aliyekuwa akifa kwa kipindupindu. Macho yalikuwa yamedidimia, mwili umepoa, mapigo ya moyo hayashikiki tena mkononi. Dawa zote za wakati ule zilikwisha jaribiwa. Latta aliingiza mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wa mgonjwa, akaanza kumpitishia maji ya chumvi kidogo kidogo, huku akimtazama usoni. Hakuwa na mtangulizi wa kumuiga wala kitabu cha kumwongoza. Mwanzo hakuona badiliko lolote. Kisha pumzi ikatulia, uso ukarudiwa na uhai, na baada ya nusu saa, maji yalipofikia kiasi cha lita 3, mwanamke yule alizungumza kwa sauti imara, akafanya na mzaha, akasema sasa anataka kulala tu. Latta alimwacha mikononi mwa daktari wa hospitali, akaondoka. Haukupita muda mrefu, kutapika na kuhara kukarejea. Maji hayakuongezwa. Saa tano na nusu baadaye mgonjwa akafariki, na Latta mwenyewe aliandika kwamba kama dripu ile ingerudiwa, mama yule angepona.

Habari hii inawagusa watu wa Unguja. Latta alifariki mwaka 1833 na madaktari wengi wakaiacha mbinu yake. Miaka 36 baadaye, mwishoni mwa 1869, kipindupindu kiliingia Unguja kutoka bara, kikifuata njia za misafara na kupitia pwani ya Pangani. Daktari James Christie, naye mtu wa Scotland, aliyekuwa tabibu wa Sultani, alikishuhudia kikiua watu kwa maelfu, akaifuatilia njia yake na kuiandikia kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876. Maradhi hayo hayo yamerudi Zanzibar mara kadhaa tangu hapo, na mlipuko wa 2015 na 2016 wauguzi wengi waliopo kazini leo wanaukumbuka. Safari hii walikuwa na kile ambacho zama za Christie hazikuwa nacho: maji safi ya dripu kwenye chupa, vipimo vinavyojulikana, na kanula ya plastiki, au branula kama inavyoitwa wodini.

Lakini chupa haijiingizi yenyewe katika mshipa. Inahitaji mkono wa muuguzi.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Ustadi wa kuweka kanula, pamoja na moyo wa kujiamini unaoandamana nao, haumshukii muuguzi kwa kipaji wala kwa ujasiri wake wa peke yake. Hujengwa na wodi. Hutegemea nani amesimama ubavuni mwake, anaanzishwa na mgonjwa wa namna gani, na makosa yake yanapokewaje. Hospitali inayolipanga jambo hili itakuwa na mastadi wengi. Inayoliacha lijiendee itakuwa na wachache wanaoitwa huku na huku zamu nzima, na mzigo utawaangukia wagonjwa.

Dakika zinazohesabika

Chukua mgonjwa wa kipindupindu mwenye kilo 60 aliyekaukiwa vibaya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apewe mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha mililita 70 kwa kila kilo kwa saa mbili na nusu zinazofuata. Maana yake ni mililita 1,800 katika dakika 30, na jumla ya lita 6 katika saa tatu.

Hapo ndipo rangi za kanula zinapokuwa na maana. Kanula ya kijani, namba 18, hupitisha takriban mililita 90 kwa dakika. Ya waridi, namba 20, kiasi cha 60. Ya buluu, namba 22, kiasi cha 36. Ya njano, namba 24, ambayo ni ya watoto wachanga na mishipa midogo, hupitisha kama 20 tu. Kwa hiyo zile mililita 1,800 zitaingia kwa dakika 20 kupitia kanula ya kijani, dakika 50 kupitia ya buluu, na saa moja na nusu kupitia ya njano. Muuguzi asiyejiamini huvutwa na sindano ndogo kwa sababu haimtishi. Mgonjwa ataonekana ana dripu, chupa itakuwa imetundikwa, na bado maji hayatamfikia kwa wakati.

Wakunga wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, na kila dakika inayopita mishipa yake inanywea na kuwa migumu kupatikana. Mwezi Mei 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuwahusu wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Wahudumu walipewa shuka maalumu la kupimia damu, na wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara tu damu inapozidi kiwango: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, dawa ya kugandisha damu iitwayo asidi ya traneksamiki, maji ya dripu, na uchunguzi wa chanzo. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, akina mama waliofikwa na madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6. Katika hospitali nyingine walikuwa asilimia 4.3.

Angalia orodha hiyo tena. Kukanda kunahitaji mikono tu, lakini maji ya dripu na asidi ya traneksamiki vinapita kwenye mshipa, na dawa hiyo faida yake hupungua kadiri inavyochelewa. Kwa wodi ya wazazi, iwe Mwembeladu, Mnazi Mmoja, Kivunge au Makunduchi, mkunga anayeweka kanula kubwa kwa jaribio la kwanza ni sehemu ya dawa yenyewe.

Mkono kwa karibu

Ni vyema kuitazama kazi hii kwa utulivu, kwa kuwa waliokwisha kuizoea husahau ina hatua ngapi.

Inaanza na maneno. Katika wodi ya Unguja muuguzi kijana hamfikii mgonjwa mtu mzima na sindano mkononi. Husalimu kwanza: “Shikamoo bi mkubwa.” Akiitikiwa marahaba, anaeleza anachotaka kufanya, anaomba ruhusa ya kupandisha mkono wa baibui, na anavuta pazia kama lipo. Adabu hii ina faida ya kitabibu pia, kwa sababu hofu na baridi huibana mishipa. Mgonjwa aliyetulia na mkono wake ukapata joto humrahisishia kazi mhudumu wake.

Kisha mkono unafungwa, kiasi cha sentimita 7 hadi 10 juu ya mahali panapokusudiwa. Hapa wanaojifunza hukimbilia kutazama, ilhali mastadi hupapasa. Kidole cha shahada kinapita polepole juu ya ngozi, kikibonyeza na kuachia. Vena nzuri hubonyea kwa ulaini na kurudi juu. Mshipa unaopiga mapigo ni ateri na uachwe. Kilicho kigumu kama uzi uliovutwa ni kano. Ujuzi huu wa kidole una thamani kubwa zaidi kwenye ngozi nyeusi, ambako rangi ya mshipa haionekani kwa urahisi, na kwa bibi harusi aliyelazwa siku chache baada ya kupambwa kwa hina na piko kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Mkono kama huo jicho halioni kitu. Kidole kinaona, na baadaye kidole hicho hicho ndicho kitakachogundua joto na uvimbe wakati wekundu umefichwa na maua ya piko.

Mahali pazuri mara nyingi ni kwenye kigasha, mbali na kiungo, ambapo mgonjwa anaweza kula, kutawadha au kumshika mtoto bila kuipinda kanula. Mshipa wa kwenye kiwiko huonekana mnene na kuvutia, lakini mgonjwa akikunja mkono dripu inasimama. Huo unafaa kwa dharura. Mkono uliotengenezewa njia ya kusafishia damu ya mgonjwa wa figo hauguswi.

Ngozi inasafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke, na mahali palipokwisha kusafishwa hapapapaswi tena. Kidole gumba cha mkono mwingine kinaivuta ngozi kuelekea chini ili mshipa usikimbie, jambo la lazima kwa wazee ambao mishipa yao huteleza. Sindano inaingia kwa mlalo wa nyuzi 15 hivi, ikipungua kwa mishipa ya juujuu.

Halafu tone la damu linatokea kwenye kichumba cha nyuma cha kanula. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mshipa walioupata. Moyo unaruka kwa furaha, na mkono unausukuma mrija wa plastiki papo hapo. Lakini ncha ya sindano imetangulia mbele ya plastiki kwa milimita moja au mbili. Damu inapoonekana, kilicho ndani ya mshipa ni ncha ya chuma peke yake, na plastiki bado iko nje ikigonga ukuta wake. Ikisukumwa wakati huo, itauchana mshipa au kuukunja, na uvimbe utatokea mbele ya macho ya wote. Stadi akiona damu hulaza sindano iwe karibu sambamba na ngozi, huisogeza mbele milimita mbili au tatu, kisha huishikilia sindano isitikisike na kuiteleza plastiki peke yake mpaka mwisho. Kifungio kinafunguliwa kabla sindano haijatolewa, kidole kinabonyeza mshipa mbele ya ncha ya plastiki ili damu isimwagike, na sindano inakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama. Sindano iliyokwisha kurudishwa nyuma haisukumwi tena mbele ndani ya plastiki, kwani inaweza kuikata na kipande kikaondoka na damu.

Hatua ile ya milimita mbili haijifunzwi kwa kuambiwa “jaribu tena”. Hujifunzwa pale mtu aliye karibu anaposema kwa sauti ya chini, wakati huo huo damu inapoonekana: “Subiri. Laza. Sogeza kidogo. Haya, sasa teleza.”

Kujiamini hutoka wapi

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne. La kwanza na kubwa kuliko yote ni kufanya jambo mwenyewe na kufaulu. La pili ni kumwona mtu anayefanana naye akifaulu. La tatu ni maneno ya kutia moyo kutoka kwa anayemwamini. La nne ni namna anavyousoma mwili wake: je, mkono unaotetemeka ni dalili kwamba hawezi, au ni jambo la kawaida kwa anayeanza?

Ukiyapima mambo hayo manne kwa mazingira ya wodi, utaona machache sana yamo mikononi mwa muuguzi mwenyewe. Kufaulu kwa mwanzo kunategemea amepewa mgonjwa yupi. Muuguzi mgeni akianzishwa na mtoto wa selimundu aliyekwisha kuchomwa mara nyingi maishani mwake, au na mfungaji wa Ramadhani aliyeletwa baada ya alasiri akiwa amekaukiwa na mishipa imelala, atashindwa, na atatoka hapo akiamini kwamba yeye ndiye mwenye mkono mbaya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo mishipa migumu haitakosekana wodini. Hiyo isiwe shule ya darasa la kwanza.

Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1984 juu ya safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubobezi, akiipa ngazi tano. Alionyesha kwamba mwanagenzi hutegemea kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika, ilhali mbobezi huona hali nzima kwa mara moja. Kutokana na hilo huja tatizo linalojulikana katika kila hospitali: mbobezi hukumbuka matokeo na kusahau hatua. Akiulizwa aliupataje mshipa ule, hujibu kwamba aliuhisi tu. Anasema kweli, lakini jibu lake halimfai anayeanza. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa kanula mara nyingi ni yule aliyemtangulia mwanafunzi kwa mwaka mmoja au miwili, ambaye bado anakumbuka pale palipomshinda.

Wazanzibari wana mfano wa ufundishaji wa namna hii karibu na kila nyumba. Mtoto wa chuo cha Qur'ani hapewi msahafu akaambiwa akasome nyumbani mpaka ajue. Hukaa mbele ya maalimu, husoma kwa sauti, husahihishwa herufi kwa herufi, na hapandishwi sura nyingine mpaka ile ya kwanza imekaa. Hakuna anayeona aibu kusahihishwa, kwa sababu kusahihishwa ndiko kusoma kwenyewe. Katika wodi nyingi mambo huwa kinyume. Mwanafunzi hutazama mara mbili tatu, huambiwa “leo weka wewe”, na akikosa huondolewa mbele ya mgonjwa kwa maneno makali. Zamu inayofuata atajificha kwenye kazi ya kutandika vitanda, na siku zinakwenda.

Hofu zenye haki

Zipo hofu ambazo haziondoki kwa kutiwa moyo, kwa kuwa zina msingi. Muuguzi anaogopa kujichoma, na ana haki. Kwa kujichoma na sindano yenye damu ya mtu mwenye Virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kwa kila 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiyechanjwa, uwezekano huo ni mkubwa mara nyingi zaidi: kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Takwimu hizi zitajwe waziwazi, pamoja na dawa yake. Chanjo ya homa ya ini B itolewe kabla mwanafunzi hajashika sindano wodini. Boksi la usalama liwe pembeni ya kitanda, pale mkono unapofika, wala si mwisho wa korido. Kila mmoja ajue pa kukimbilia akijichoma, maana dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72. Muuguzi aliyehakikishiwa hayo mkono wake hutulia.

Hofu ya pili ni macho ya jamaa. Mgonjwa wa Unguja mara chache huwa peke yake. Mama, shangazi na jirani wamekizunguka kitanda, na kila mchomo unahesabiwa. Hapa kanuni inamlinda mgonjwa na muuguzi kwa pamoja. Chama cha wauguzi wa tiba ya dripu cha Marekani kiliweka katika viwango vyake vya mwaka 2016 kwamba mhudumu mmoja asijaribu zaidi ya mara mbili, na majaribio yote kwa mgonjwa mmoja yasizidi manne. Baada ya mbili, anaitwa mwingine mwenye uzoefu zaidi. Kanuni hii ikiandikwa ukutani na kutangazwa kwa wote, kumwita mwenzake hakutakuwa tena kukiri kushindwa. Kutakuwa ni kufuata utaratibu, na jamaa wataelezwa hivyo tangu mwanzo.

Dripu ikishaingia

Kuna hatari ya kuwafundisha vijana kwamba kazi imekwisha pale plasta inapobandikwa. Mgonjwa wa Latta aliipata dripu na akafa kwa kuwa maji hayakuongezwa. Tatizo la kinyume chake lilidhihirishwa Afrika Mashariki. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine hawakupewa. Watafiti wengi walitarajia maji yataokoa. Katika saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Watoto wa kuhara hawakuwamo katika utafiti huo, nao bado wanahitaji maji yao kama kawaida. Lakini funzo ni kwamba muuguzi mwenye kanula nzuri mkononi mwa mtoto ana nguvu ya kuponya na ya kudhuru, na hesabu ya matone, saa ukutani na kumtazama mtoto anavyopumua ni sehemu ya ustadi ule ule.

Kanula yenyewe nayo inataka kutazamwa kila zamu. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuibadilisha kila baada ya siku tatu, iwe inafanya kazi vizuri au la. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Claire Rickard na wenzake kwa wagonjwa 3,283 katika hospitali tatu za Queensland, Australia. Waliobadilishiwa kwa ratiba na waliobadilishiwa pale tu dalili ilipoonekana, wote walipata uvimbe wa mshipa kwa kiwango kimoja, asilimia 7. Faida ya kusubiri dalili ni michomo michache na vifaa vilivyookolewa. Sharti lake ni mtu wa kutazama kweli: pana maumivu, joto, uvimbe, mshipa umekuwa mgumu? Katika joto na unyevu wa Unguja plasta hulowa jasho na kubanduka mapema, hivyo tarehe na saa ya kuwekwa iandikwe, na kanula isiyo na kazi itolewe siku hiyo hiyo. Mwezi Mei 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya kuzuia maambukizi ya damu yanayotokana na mirija ya namna hii, ishara kwamba jambo hili si dogo popote duniani.

Yanayowezekana Unguja

Hayo yote yanaweza kupangwa kwa uwezo uliopo. Mafunzo ya uuguzi yana nyumba yake Mbweni, katika chuo ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na hospitali za mazoezi ziko mwendo wa daladala. Hatua ya kwanza ifanyike kabla ya wodi: kila mwanafunzi aweke kanula kwenye mkono wa bandia, na pale mikono hiyo ilipo michache, kwenye mrija wa dripu uliotumika na kusafishwa, ukafunikwa kwa kitambaa kizito. Hapo anajifunza ile milimita mbili bila kumuumiza mtu.

Hatua ya pili ni kumchagulia mahali pa kuanzia. Pazuri kuliko pote ni chumba cha matayarisho ya upasuaji asubuhi. Wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa kwa kawaida hawajaishiwa maji sana, hakuna anayekimbizana na kifo, taa ni nzuri, na wataalamu wa usingizi, ambao wengi wao ni wauguzi, huweka kanula kila siku ya kazi na wanaweza kusimama karibu. Muuguzi wa hospitali ya wilaya iliyo mbali, Makunduchi au Kivunge, anayeweka kanula chache kwa wiki, apangiwe asubuhi kadhaa mfululizo huko Mnazi Mmoja na arudi kwake na mkono uliokwisha kuzoea. Ujuzi huu hufifia usipotumika, kwa hiyo nafasi hiyo ijirudie kila mwaka.

Hatua ya tatu ni wodini. Ratiba ya zamu itaje nani msimamizi wa kanula siku hiyo, ili mgeni ajue pa kuuliza saa nane usiku. Daftari moja liandikwe mahali pa mshipa, namba ya kanula, majaribio mangapi na sababu ya kuitoa. Daftari hilo lisomwe kila mwezi na sista wa wodi pamoja na wauguzi wake, kwa nia ya kujua mazoezi yaongezwe wapi, na lisitumike kumwadhibu mtu. Troli ya dharura ya wodi ya wazazi isikose kanula kubwa, za kijani na za kijivu, kwani ustadi hauna msaada ikiwa zilizobaki ni za buluu.

Mwisho ni ombi kwa walio juu kikazi, wanaoitwa sista na bwana mkubwa na vijana wanaowaogopa. Wiki ijayo, mwanafunzi atakapokosa mshipa mbele yako, mwondoe kando ya kitanda bila neno baya, muulize aliona damu au hakuiona, alisukuma nini kwanza, kisha mpeleke kwa mgonjwa mwingine mwenye mshipa mzuri siku hiyo hiyo kabla zamu haijaisha, usimame naye mpaka aupate.